Hulala Mwenyewe

Wivu wa mume juu ya mkewe tumeusikia mpaka tumechoka. Wivu wa jirani juu ya gari jipya la jirani nao tumeuzoea. Lakini kijana wa miaka ishirini na mitatu, nywele kazisokota, magoti yamejaa makovu, awe hali wala hanywi kwa sababu ya mtoto wa watu asiye na hata jino moja mdomoni? Jamani! Hayo nayo yapo, na mimi nitayasema kama yalivyokuwa, maana wanaosema Mbao alikuwa na roho mbaya wanaruka mambo mengi. Roho mbaya hakuwa nayo. Wivu alikuwa nao, tena wa kugawia mtaa mzima na ukabaki.

Jina la Mbao alilipata kwa sababu ya ubao wake wa magurudumu manne, ambao hakuachana nao hata akitumwa chumvi na shangazi yake. Kila asubuhi aliteremka nao barabara ya kiwandani, mguu mmoja juu ya ubao, mwingine ukipiga lami, hedifoni masikioni, kichwa kikitikisika kwa muziki anaousikia peke yake. Watu walimpisha huku wakisonya. Akifika getini anashuka, anaubana ubao kwapani, anamsalimu mlinzi, anaingia kazini. Na kazi yenyewe, msicheke, ilikuwa kulea watoto.

Kiwanda kilikuwa cha mashati. Upande mmoja wa ua ulikuwa ukumbi wa cherehani za umeme, wamama wamekaa safu kwa safu, huyu anashona mikono, yule vifungo, mwingine kola. Ng'ambo ya ua, nyuma ya ghala la vitambaa, kilikuwa chumba cha watoto wao. Vitanda vidogo tisa, magodoro ya sakafuni, sanduku la vikaragosi vilivyonyofolewa macho, na sakafu ya vigae vidogo vidogo vyeupe vilivyopasuka pembeni. Msimamizi wa chumba hicho alikuwa mama mmoja mnene mwenye miwani ya kamba, ambaye wote walimwita Bi Mkubwa. Siku ya kwanza alimtazama Mbao kuanzia nywele mpaka viatu, kisha akautazama ubao.

"Wewe umepita, kwa sababu nimeona unavyojua kubeba mtoto," alisema. "Huyo mwenzako anaishia mlangoni. Nikimwona anapita karibu na vidole vya watoto, ninamfanya kuni."

"Sawa, Bi Mkubwa."

Alikuwa mlezi, na alikuwa mlezi kwelikweli. Wadogo zake wanne aliwalea mwenyewe shangazi akiwa kazini, kwa hiyo nepi haikumtia kichefuchefu wala kilio hakikumtia wazimu. Alikuwa na spika ndogo ya kuchaji, na muziki alioutengeneza mwenyewe kwenye simu, na watoto wakubwa wakubwa walikuwa wakiucheza mpaka wanaanguka. Palikuwa na msichana wa miaka mitatu, mkorofi, mpiga mateke, wakamwita Teke. Huyo alikuwa akishinda mabegani kwa Mbao. Wamama wakija jioni walikuwa wakimtania, "Mbao, ukioa mkeo atabaki na kazi gani?" Naye kichwa kinamvimba, anajifanya hasikii.

Halafu akaletwa Kibogoyo.

Alikuwa na miezi sita. Watoto wenzake wa umri ule walishaanza kuchomoza meno, yeye fizi tupu, na fizi hizo alizionyesha mchana kutwa kwa sababu alikuwa analia. Hakulia kidogo. Alilia siku nne. Mama yake, mshonaji wa kola, mwembamba, mpole, alikuwa akiitwa kutoka kwenye mashine mara mbili kwa siku kuja kumnyonyesha ili alale. Wiki ya kwanza ya mtoto mgeni ilikuwa haihesabiwi. Baada ya hapo sheria ya kiwanda ilikuwa moja: mshonaji akiitwa na mtoto katikati ya kazi, kadi yake inapigwa muhuri, na mihuri mitatu ndani ya mwezi mmoja inamtoa kwenye cherehani. Anapelekwa kwenye maboksi, kukunja mashati na kuyafunga. Mama Kibogoyo alikuwa amefunga maboksi miaka mitatu kabla ya kupewa mashine. Alikuwa akiyataja maboksi kama mtu anavyotaja ugonjwa aliopona.

Siku ya tano Mbao alimchukua yule mtoto, akaingia naye stoo ya magodoro, akafunga mlango ili wengine walale. Ubao wake alikuwa ameuficha humo, maana mlangoni palikuwa na wezi. Akakaa kwenye kigoda, mtoto kifuani, na kwa uchovu tu akaweka mguu juu ya ubao, akaanza kuusukuma mbele na nyuma. Magurudumu yakapita juu ya maungio ya vigae: tak-tak-tak-tak-tak. Kilio kikakatika. Mbao akasimamisha mguu kwa mshangao. Kibogoyo akafumbua macho, akamtazama, akawa anangoja.

Ilimchukua siku tatu kuijua ngoma yake. Akisukuma bila kupumzika, mtoto analia. Akisukuma polepole, analia. Mwisho akaipata: msukumo mrefu kutoka ukuta hadi ukuta, kituo, msukumo mfupi, kituo, halafu mrefu tena. Haraka, haraka sana, kama vijiti juu ya ngoma ndogo. Ikifika mara ya kumi kope zinalegea. Ikifika ya ishirini, mtoto amekuwa gunia.

"Mzee, wewe una sikio," Mbao alimnong'oneza. "Wewe ni mpiga ngoma mwenzangu."

Akaamini hivyo. Akaamini kwamba katika watoto wote wa dunia kaletewa yeye huyu mmoja, anayesikia muziki kama anavyousikia yeye. Hakumwambia mtu. Mwanzoni alimwogopa Bi Mkubwa na kuni zake. Baadaye, niwe mkweli, hakumwambia mtu kwa sababu ilikuwa tamu kuwa peke yake. Wamama walipouliza anamlazaje, alikuwa akiinua mabega. Mama Kibogoyo jioni alikuwa akimshika mkono kwa mikono miwili. "Kaka Mbao, wewe ni mama yake wa pili. Sijui nikulipe nini." Na Mbao, masikini, alikuwa akiyachukua maneno hayo mpaka nyumbani, anayasikiliza kuliko muziki.

Miezi minne ikapita hivyo. Ndipo akaajiriwa yule dada.

Ndani ya siku mbili akaitwa Chiriku, na jina lilimkaa. Alikuwa akiimba toka anavua viatu mlangoni mpaka anavivaa jioni. Aliimba akipangusa pua za watoto, aliimba akiosha chupa, na nyimbo zenyewe alizitunga palepale, kamtia kila mtoto jina lake. Sauti ilikuwa nzuri. Mbao alitamani iwe mbaya, akaisikiliza siku nzima akitafuta mahali inapokwaruza, hakupaona. Siku ya tatu Teke aliteremka mabegani kwake bila hata kuaga, akaenda kukaa mapajani kwa Chiriku. Siku ya tano Mbao alipowasha spika yake, watoto watatu walimwambia azime, Anti anaimba.

"Azime!" alimwambia shangazi yake jioni ile. "Mimi! Waliojifunza kutembea kwa muziki wangu!"

"Si watoto hao? Kesho watamchoka yeye."

"Hawamchoki. Eti kamtungia Teke wimbo wa mateke. Wimbo wa mateke, shangazi, ni kitu gani?"

"Ni wivu, mwanangu," alisema shangazi, akaendelea kuchambua mboga zake.

Kilichomuudhi zaidi ni kwamba yule dada hakuwa na ubaya. Laiti angekuwa na maringo, Mbao angepata pa kushikia. Lakini Chiriku alimwekea chai, alimsifu mbele ya Bi Mkubwa, akamwomba amfundishe kusimama juu ya ubao siku moja wakati wa mapumziko, akaanguka, akacheka mpaka akatoa machozi. Mbao alicheka naye, na ndani roho inachomwa. Akawa anahesabu, hawa wamekwenda, huyu amekwenda, yule naye anaelekea. Aliyebaki ni mmoja. Kila adhuhuri alimchukua mmoja wake huyo, akaingia naye stoo, akafunga mlango, na akasukuma ubao huku amefumba macho.

Palikuwa na daftari la makabidhiano. Bi Mkubwa alilianzisha ili mlezi mmoja asipokuwepo mwingine ajue cha kufanya: huyu anakula nini, yule anaogopa nini, huyu analazwaje. Kila mtoto ukurasa wake. Ukurasa wa Kibogoyo, sehemu ya usingizi, ulikuwa mtupu.

"Kaka Mbao, hapa hujajaza," Chiriku alimwambia alasiri moja, daftari mkononi. "Na wewe keshokutwa una ruhusa. Huyu kijana analalaje?"

Sasa hapo ndipo. Mtu ana kalamu mkononi, mwenzake anamtazama kwa uso mweupe usio na neno, na maneno ya kweli ya kuandika hayafiki hata kumi. Mbao aliichukua kalamu. Akaandika: *Hulala mwenyewe.*

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe kabisa. Unamlaza tu."

"Heri yake," alisema Chiriku.

Siku ya ruhusa yake Mbao alikwenda kwenye uwanja wa saruji nyuma ya soko, ambako wacheza ubao wote wa mji walikuwa wakikutana. Alikuwa amemrekodi Kibogoyo, au tuseme aliirekodi ile ngoma ya magurudumu stoo, akaitia kwenye muziki wake, akaweka besi chini yake na filimbi juu. Siku ile aliipiga kwenye spika kubwa ya rafiki yake. Vijana walipagawa. Mmoja aliruka ngazi nne kwa mdundo ule, mrefu, kituo, mfupi, kituo, mrefu, na watu wakapiga mayowe. "Umeitoa wapi hii?" walimwuliza. "Nina mpiga ngoma wangu," alijibu Mbao, akitanua kifua. Wakati huohuo ng'ambo ya mji mpiga ngoma wake alikuwa analia mpaka amebadilika rangi.

Alisikia habari kesho yake asubuhi kabla hajavua viatu. Mama Kibogoyo alimngoja mlangoni mwa chumba cha watoto.

"Jana wameniita," alisema. "Nimepigwa muhuri. Kaka Mbao, siku ukiwa hupo uniambie mapema, basi. Bora nimwache kwa jirani."

"Alilia?"

"Alilia saa nzima na nusu. Yule dada wa watu kaimba mpaka sauti imekauka."

Mbao alisikitika. Alisema "pole" na alikuwa na maana. Lakini chini ya pole hiyo, jamani tusidanganyane, kulikuwa na kitu kingine kinacheka. Kaimba mpaka sauti imekauka! Zile nyimbo zote, ule utamu wote, na mtoto kazikataa. Aliingia chumbani akamkuta Chiriku ana macho mekundu, anaongea kwa kukwaruza, akamwuliza kwa upole wa uongo, "Vipi, alikusumbua?"

"Kaka, huyu halali mwenyewe."

"Labda jana alikuwa na joto."

Chiriku alimtazama kidogo zaidi ya kawaida. Kisha akaenda kumfuta Teke makamasi.

Wiki iliyofuata Bi Mkubwa akagawa watoto upya. Aliona Mbao ana nguvu za kukimbizana, Chiriku ana subira. Basi wakubwa wote wawe wa Mbao, wachanga wote wa Chiriku. Alitangaza wakati wa chai, mdomo umejaa mkate, kama jambo dogo. Mbao alihisi kama amechotewa maji ya baridi akamwagiwa mgongoni.

"Na Kibogoyo?" aliuliza.

"Kibogoyo ana ndevu? Si mchanga? Wa Chiriku."

"Bi Mkubwa, yule amenizoea mimi."

"Atamzoea na mwenzako. Nawe daftari umeliandika mwenyewe, hulala mwenyewe. Sasa tatizo nini?"

Angeweza kusema palepale. Stoo ilikuwa hatua sita kutoka alipokaa. Angeweza kusema, Bi Mkubwa, nilidanganya, njooni niwaonyeshe. Lakini alimwona Chiriku anampokea Kibogoyo, anamweka begani mwake, na yule mtoto, msaliti mkubwa, anaushika mkufu wa shingoni na kucheka kwa fizi zake zote. Wivu ukampanda mpaka kwenye masikio. Akasema moyoni, haya, mchukue. Tuone.

Adhuhuri hiyo wakubwa wake walipolala, alitoka akakaa uani kwenye ngazi. Kilio kilianza. Mwanzo kilikuwa cha kunung'unika, halafu cha hasira, halafu kile kingine, cha mtoto aliyekata tamaa, kisicho na pumzi katikati. Sauti ya Chiriku ilikuwa juu yake, inaimba, inabembeleza, inatetemeka. Mbao alivaa hedifoni. Akaongeza sauti. Akaongeza tena. Alitazama miguu yake, na alipoinua macho aliona viatu vya mpira vya Mama Kibogoyo vinapita mbio mbele yake, uzi mweupe umening'inia begani. Hakumwona Mbao. Au alimwona, hakuwa na muda naye.

Muhuri wa pili.

Usiku huo hakupata usingizi. Alijiapiza kusema asubuhi. Asubuhi akamkuta Chiriku amemfunga Kibogoyo mgongoni, wote wawili wanacheka, akaghairi. Akajiapiza kusema mchana. Siku mbili Kibogoyo alilala kwa uchovu tu, baada ya kulia nusu saa, na Chiriku hakumwita mama. Alimfichia. Alizunguka naye ua mzima juani badala ya kumwita mama yake. Mbao aliyaona hayo yote, na kila akiyaona wivu na aibu vilikuwa vikigombana, na kila mara wivu ukashinda.

Siku ya tatu Kibogoyo alikuwa anaota jino. La kwanza. Fizi imevimba, mate yanachuruzika, na wakati wa kulala ulipofika alilia mpaka akaanza kutapika maziwa. Bi Mkubwa aliingilia.

"Basi. Mwiteni mama yake."

"Bi Mkubwa, tafadhali, dakika kumi," alisema Chiriku. Sauti haikuwepo tena, ulikuwa upepo tu. "Itakuwa ya tatu."

"Mtoto atanifia mikononi. Nenda, Mbao, ukamwite."

Mbao alisimama. Ukumbi wa cherehani ulikuwa mbele yake, mlango wazi, hatua themanini. Alivuka nusu ya ua. Msimamizi wa ukumbi, mwanamume mrefu mwenye kalamu sikioni, alimwona Mbao anakuja, akageuka mwenyewe kwenda safu ya kola. Alikuwa amezoea. Mbao alipiga kelele, "Ngoja! Bado!" lakini katika mngurumo wa mashine arobaini nani angesikia. Basi akageuka, akarudi mbio kuliko alivyowahi kukimbia, akapita mlangoni, akapita Bi Mkubwa, akaingia stoo, akatoka na ubao.

"Mbao! Nimekwambia nini kuhusu huo ubao!"

Aliutupa kwenye vigae katikati ya chumba, akavuta kigoda, akamnyang'anya Chiriku mtoto, akaweka mguu.

Mrefu. Kituo. Mfupi. Kituo. Mrefu.

Watoto wakubwa walioamka walikaa kwenye magodoro yao wakitazama. Bi Mkubwa alibaki kidole juu. Kibogoyo alivuta pumzi moja ndefu ya kukatikakatika, akabana shavu kwenye shingo ya Mbao, kope zikaanza kushuka. Mara ya kumi. Mara ya kumi na tano. Mbao alisikia uzito wake ukiongezeka kifuani, na kwa sekunde hizo chache alifurahi, nawaambieni ukweli, alifurahi kama mtu aliyerudishiwa mali yake mbele ya mashahidi.

Ndipo akamwona mama wa mtoto mlangoni.

Mama Kibogoyo alikuwa amefika mbio na sasa hakimbii tena. Nyuma yake msimamizi amesimama na kadi. Mama alikuwa anausikiliza ubao, kichwa amekiinamisha upande mmoja, na mguu wake wa kulia, ndani ya kile kiatu cha mpira, ulikuwa unakanyaga sakafu. Mrefu. Unainuka. Mfupi. Unainuka. Mrefu. Ulikuwa unaenda sawasawa na wa Mbao, hauchelewi wala hautangulii, na mwenyewe hana habari.

"Hiyo ni kola," alisema.

"Nini?" aliuliza Bi Mkubwa.

"Kola. Unashona upande mrefu, unasimama, unageuza kitambaa kwenye ncha. Unashona ncha, fupi, unasimama, unageuza. Halafu mrefu tena." Akacheka, na machozi yakatoka pamoja na kicheko. "Nilikuwa nashona mpaka siku ya uchungu. Tumbo limegusa meza ya mashine, meza inatetemeka, naye anatulia. Nikiacha kushona anaanza kunipiga mateke. Mwanangu anaisikia mashine yangu! Huku ng'ambo haifiki sauti, ndiyo maana."

Mguu wa Mbao uliendelea wenyewe. Yeye hakuwepo. Miezi minne aliyoiita ngoma yake, sikio la mpiga ngoma, mzee mwenzangu, ule muziki waliourukia vijana kwenye saruji, yote yalikuwa kola za mashati. Yule mtoto hakuwahi kulala kwa ajili yake hata siku moja. Kila adhuhuri, kifuani kwa Mbao, alikuwa analala kwa mama yake. Hata sasa, haya yote yakiwa wazi, alimwonea wivu yule mama. Alimwonea wivu mpaka meno yakamuuma.

Mama Kibogoyo alisogea, akaweka mkono begani mwake.

"Kaka Mbao, umegundua leo! Mungu wangu. Laiti ungegundua wiki iliyopita." Aliitazama kadi mkononi mwa msimamizi, akapangusa macho kwa kiganja. "Lakini si kosa lako. Ungejuaje?"

Msimamizi alikohoa. Muhuri ulikuwa umeshapigwa. Mtu akishatoka kwenye mashine, umeshapigwa. Bi Mkubwa alianza kumbembeleza, aone mwenyewe ilivyokuwa, mtoto amelala tayari. Msimamizi alisema sheria hakuitunga yeye. Chiriku alisimama karibu na ukuta, hana sauti ya kusema lolote, anamtazama Mbao. Yeye ndiye aliyekuwa akifagia stoo wiki hiyo. Mistari myeusi ya magurudumu kwenye vigae vya stoo, tabaka juu ya tabaka, alikuwa ameiona. Alikuwa anajua kwamba haikuchorwa leo. Na alikaa kimya. Angeendelea kukaa kimya, Mbao aliliona hilo waziwazi, na hilo ndilo lililomshinda.

"Sikugundua leo," alisema.

Mkono wa Mama Kibogoyo ulikuwa bado begani mwake.

"Unasemaje?"

"Nilijua tangu wiki yake ya kwanza. Nilikuwa namlaza hivi kila siku. Kwenye daftari niliandika uongo."

"Tangu wiki ya kwanza."

"Ndiyo, dada."

"Na ile mara ya pili? Ulikuwepo?"

"Nilikuwa kwenye ngazi, hapo uani."

"Ulimsikia analia?"

"Nilivaa hedifoni."

Mkono ukaondoka begani. Haukuondoka kwa hasira. Uliondoka kama mtu anavyoondoa mkono kwenye kitu alichodhani ni chake akaona si chake.

"Kwa nini?"

"Nilitaka awe wangu peke yangu," alisema Mbao.

"Wako," alisema mama.

Akamchukua mtoto. Ubao ukasimama, na Kibogoyo papo hapo akakunja uso. Mama hakumtazama Mbao tena. Alimgeukia Chiriku, akamwonyesha kigoda, na Mbao ikambidi ainuke.

"Dada Chiriku, kaa hapa. Mshike. Mimi naenda kwenye maboksi, huko hakuna mashine, hata jioni nitakuwa nimeisahau miguuni. Weka mguu wako. Si hivyo, kisigino kiwe chini. Haya. Mrefu. Simama, unageuza ncha. Mfupi. Simama. Usiharakishe kwenye ncha, kola inaharibika. Mrefu."

Chiriku alikosea mara mbili. Mara ya tatu akapata. Kibogoyo alijaribu shingo yake, akalipata shimo la kuweka shavu, akatulia. Mama alisimama mpaka pumzi ya mwanawe ikawa nzito, kisha akamfuata msimamizi kuvuka ua, na safari hii hakukimbia.

Bi Mkubwa alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, muda mrefu. Kila mtu alingoja amfukuze. Hata Mbao alingoja.

"Nepi za asubuhi bado ziko kwenye beseni," alisema mwishowe. "Na ubao huu hautoki tena humu ndani. Umesikia?"

"Nimesikia, Bi Mkubwa."

Bomba lilikuwa nje, upande wa pili wa ukuta. Mbao alipita kati ya magodoro, Teke akamwuliza kama Anti ndiye sasa mwenye ubao, akasema ndiyo. Alikunja mikono ya shati, akainamia beseni. Hedifoni zilikuwa shingoni na hakuzivaa. Alifua nepi zote, moja moja, mlango ukiwa wazi, akimsikia mwenzake ndani anashona kola, na katika kila kituo roho ilimuuma.